Hadithi za kijeshi za anga: kijana anaikimbia njaa, anasaini mkataba. Je, daftari analishika nani?

Daftari Jeusi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu nauleta kwa wasomaji na waandishi wa bunilizi za kisayansi za kijeshi, hasa ule mkondo ninaoupenda kuliko yote: kijana amezaliwa kwenye maghorofa ya mgao, sayari imefurika watu, kazi hakuna, na mlango pekee ulio wazi ni wa ofisi ya uandikishaji. Anasaini. Anapelekwa depo, ananyolewa, anapewa buti, na kurasa hamsini baadaye yuko kwenye mwezi asioujua hata jina, analala kifudifudi kwenye vumbi huku kitu kisicho na uso kikimrushia moto.

Nimesoma nyingi za namna hii na nimepitia miswada ya wanaojifunza kuandika. Kasoro ni ileile. Mwandishi anaupa umaskini sura mbili za mwanzo, anauchora vizuri kweli, ukungu ukutani, foleni ya chakula, mama anayekohoa. Halafu kijana anavaa gwanda na umaskini unatoweka kama kituo cha basi kilichokwisha kupitwa. Kuanzia hapo ni bunduki, sajini mkali, adui, medali.

Hoja yangu ni moja: kwenye hadithi ya aina hii, njaa huingia kambini pamoja na kuruta. Huingia kupitia mkataba. Nani anamlipa, anamkata nini, anahesabu muda kwa saa ipi, na vazi lake la vita ni mali ya nani. Mwandishi asiyejua majibu ya maswali hayo anaandika tu hadithi ya kupigana yenye mapambo ya umaskini.

Wala hili halihitaji ubunifu mkubwa, historia imejaa. Mwaka 14 B.K. majeshi ya Roma yaliyokuwa Pannonia, jimbo lake moja huko Ulaya, yaliasi. Tacitus, mwanahistoria wa Roma, ameyaandika malalamiko yao: mtu ametumikia miaka thelathini au arobaini, mwili una makovu, analipwa asi kumi (sarafu ndogo za Roma) kwa siku, na kwenye hizo hizo anunue nguo, silaha na hema, tena amhonge akida wake ili apate likizo au asichapwe. Akifika mwisho salama anapewa "shamba" ambalo ni kinamasi au mlima usiolimika. Kulikuwa na akida mmoja ambaye askari walimpa jina la utani "Lete Nyingine", kwa sababu fimbo ikimvunjikia mgongoni mwa askari alikuwa anaagiza nyingine. Siku ya maasi huyo hakupona.

Kuna na ushahidi mwingine mtamu zaidi. Pale Masada, ngome ya kale iliyoko Israeli, ilipatikana hati ya mafunjo ya karne ya 1, hesabu ya mshahara wa askari wa Roma. Awamu moja ya malipo: dinari 50. Makato: shayiri 16, chakula 20, buti 5, mikanda ya ngozi 2, kanzu ya kitani 7. Jumlisheni wenyewe.

Hiyo karatasi moja ina hadithi kuliko vita vya anga vya kurasa mia. Ihamishieni kwenye chombo cha anga: badala ya shayiri wekeni hewa ya kupumua.

Karibuni.

Bunduki Butu

Mkuu umeandika vizuri ila naomba nikupinge mapema. Mimi nikitaka kusoma makato naangalia karatasi yangu ya mshahara, siendi kununua riwaya. Ukali wa hadithi hizi uko kwenye tope, damu na hofu. Msomaji anataka kujua yule kijana atatoka kwenye handaki au hatatoka. Ukimjazia hesabu za buti anafunga kitabu.

Halafu hao makuruta wenyewe wana miaka kumi na minane. Nani kati yao anasoma mkataba?

Daftari Jeusi

Bunduki Butu, hicho cha mwisho ndicho hasa ninachokisema. Hawausomi. Wanasaini kwa sababu kuna mlo mezani nyuma ya yule afisa na harufu inawafikia. Mkataba utawasomea wao baadaye.

Na sikusema uweke jedwali la hesabu katikati ya mapigano. Weka hesabu ndani ya uamuzi. Mfano: kikosi kimevamiwa, amri imetoka ya kuacha vifaa na kukimbilia chombo. Kila kifaa kina namba na saini ya aliyekichukua. Askari aliyezaliwa tajiri anatupa begi na kukimbia. Wa maghorofani anasita sekunde mbili, kwa sababu begi lile ni mishahara ya miaka miwili na nyumbani kuna watu wanaoila. Sekunde mbili zinamwua. Hapo tope, damu na hofu vyote vimo, na msomaji anajua kijana kafa kwa sababu gani. Adui alimalizia tu.

Au geuza: rafiki yake amelala amekufa, na yeye anamvua magazini za risasi, moja baada ya nyingine, anahesabu. Sura ya tatu tungemwona mwizi wa maiti. Sura ya kumi tunajua kwamba zisiporudi ghalani deni linahamia kwa mama wa marehemu.

Kikokotoo

Hapo kwenye "saa ipi" umenigusa, maana waandishi wengi wanaikimbia fizikia wakati ndiyo silaha kali kuliko zote kwenye mkondo huu.

Chukueni chombo kinachosafiri kwa 99.5% ya kasi ya mwanga. Kwa kasi hiyo muda ndani ya chombo unakwenda taratibu mara kumi hivi ukilinganisha na nyumbani. Kijana amesaini miaka 5. Akirudi, kwake imepita 5, nyumbani imepita 50. Mdogo wake aliyemwacha na miaka kumi ana sitini.

Sasa ingiza pesa. Ukilipwa kwa saa ya nyumbani, una mshahara wa miaka 50. Ukilipwa kwa saa ya chombo, una wa miaka 5. Jeshi litachagua ipi? Tusiulizane.

Lakini ubaya wenyewe uko kwenye riba. Tuseme alipokea posho ya kujiunga, shilingi au sarafu yoyote ya huko, akaiweka benki kwa 3% kwa mwaka. Baada ya miaka 50 imekua mara 4 na kidogo. Bei za vitu zikipanda 5% kwa mwaka katika muda huohuo, zimepanda mara 11 na zaidi. Amerudi na pesa "nyingi" zenye uwezo wa kununua chini ya nusu ya alizoacha.

Na kama familia ilikopa kwa dhamana ya utumishi wake, kwa riba ya 8%? Miaka 50 ya 8% ni karibu mara 47. Mshahara unahesabiwa kwa saa ya chombo, deni kwa saa ya nyumbani. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyeiba. Kila kifungu cha mkataba ni halali. Anashuka ngazi za chombo na karani anamsubiri chini na karatasi nyingine ya kusaini.

Huhitaji hata adui wa ajabu kwenye hadithi hiyo.

Bunduki Butu

Mara 47??? Haya, hiyo ya deni nimeikubali. Hiyo inatisha kuliko mazimwi.

Msoma Usiku

Nauliza tu, kuna vitabu vimewahi kufanya hivi? Mimi najua vile vya kupiga wadudu peke yake.

Daftari Jeusi

Msoma Usiku, vya kupiga wadudu asili yake kubwa ni Starship Troopers ya Robert Heinlein, 1959. Watu huitaja kana kwamba ni hadithi ya maskini kwenda jeshini. Siyo. Mhusika wake mkuu ni mtoto wa tajiri, baba yake mfanyabiashara anapinga asiende. Anachopata kwa utumishi ni haki ya kupiga kura. Ni kitabu kuhusu uraia, siyo kuhusu sahani tupu.

Anachosema Kikokotoo kimo kwa Joe Haldeman, The Forever War, 1974. Haldeman alipigana Vietnam na akajeruhiwa, na unaliona hilo kila ukurasa. Askari wake wanarudi duniani wakiwa wamezeeka kidogo tu huku dunia imesonga mbele mno. Malimbikizo ya mishahara yao na riba yake ni donge nono, lakini sarafu yenyewe imebadilika, watu wanahesabiana kwa kalori. Baadaye mhusika anarudi jeshini kwa hiari, kwa kuwa jeshi ndilo mahali pekee panapofanana na anapopajua. Ila hata huyo hakwenda kwa njaa, alichukuliwa kwa sheria kwa sababu ya akili na elimu yake.

Kwa hiyo nafasi bado ipo kubwa kwa anayetaka kuandika.

Dada wa Zamu

Naona wote mko na askari. Nani yuko na waliobaki?

Mnaandika "anatuma pesa nyumbani" kwa sentensi moja mnapita. Hiyo sentensi ndiyo riwaya. Pesa ya kwanza inaingia. Mlango wa chumba unabadilishwa, wa karatasi ngumu unatolewa, unawekwa wa chuma. Majirani wote kwenye ghorofa wanauona mlango. Mama anaanza kukopeshwa dukani. Binamu ambao hawakuwahi kuonekana wanaonekana. Na yule mdogo wa miaka kumi anakaa anautazama mlango mpya kila siku hadi afike miaka kumi na minane.

Ofisi ya uandikishaji haihitaji mabango. Kila askari anayetuma pesa ni bango, na limebandikwa nyumbani kwake mwenyewe. Kama ningekuwa naandika, huyu wa kwanza angekuwa tayari amekufa wakati mdogo wake anasaini, lakini pesa bado zinaingia, kwa sababu taarifa inasafiri taratibu kuliko malipo. Hata kutoka Mirihi kuja Dunia ujumbe unachukua dakika kati ya 3 na 22 kutegemea sayari zilipo, na huko ni jirani. Kwenye nyota iliyo umbali wa miaka kumi ya mwanga, taarifa ya kifo itafika baada ya miaka kumi. Malipo yalishapangwa tangu siku ya saini, karani wa nyumbani hajui lolote, anaendelea kutoa.

Halafu siku taarifa ikifika, wanadaiwa miaka kumi ya malipo ya marehemu.

Kikokotoo

Dada, umeniharibia usiku.

Sajini Mstaafu

Nimesoma kimyakimya tangu juu. Mimi nimevaa gwanda kwa miaka mingi, sitasema wapi. Mengi mliyoandika ni kweli, lakini mnaelekea kwenye kosa la upande wa pili: kila afisa shetani, kila mkataba mtego, kila kuruta mjinga. Hiyo nayo ni katuni.

Niwaambie kitu kuhusu depo ambacho sijakiona kwenye riwaya yoyote. Wale waliotoka kwenye shida kubwa ndio waliolala usingizi mzuri. Wenzao wa nyumba nzuri walikuwa wanalia usiku kwa kelele, baridi na matusi. Wa shida walikuwa na kitanda cha peke yao kwa mara ya kwanza. Milo mitatu. Daktari wa meno. Kijana mmoja aling'olewa meno mawili akatoka anacheka, maana alikuwa ameishi na maumivu yale tangu utotoni akidhani ndivyo mdomo ulivyo. Ukimtukana kijana yule asubuhi nzima hakusikii. Anaona amefika.

Andikeni na hilo. Bila hilo msomaji hataelewa kwa nini watu hawatoroki.

Na kuna walioinuka kweli. Marekani ilipitisha sheria ya 1944 ya kuwalipia askari wa vita masomo na kuwadhamini mikopo ya nyumba, mamilioni wakasoma kwa hiyo. Jeshi la Kigeni la Ufaransa, lile linaloandikisha watu wa nchi nyingine, liko tangu 1831, mkataba wa kwanza ni miaka 5, na baada ya miaka 3 ya utumishi unaweza kuomba uraia. Tangu 1999 aliyejeruhiwa vitani anaweza kuupata kwa damu aliyomwaga. Watu wameanza maisha upya pale, tena wengine kwa jina jipya. Huwezi kuliita hilo uongo.

Mwisho: sajini mkali wa riwaya zenu. Jiulizeni alitoka wapi. Mara nyingi ni kuruta maskini aliyemaliza mkataba, akaangalia nje, akarudi ndani. Anawafokea vijana kwa lafudhi ileile ya maghorofani.

Daftari Jeusi

Sajini, shikamoo. Nashukuru. Ile ya meno naomba kila mwandishi hapa aibe.

Nakubali kwamba ngazi ipo na watu wanapanda. Tunatofautiana kidogo kuhusu anayeishikilia. Sheria hiyo ya 1944 ilipofika mitaani, askari wengi weusi walizungushwa kwenye mabenki na vyuo, sheria ni moja ila madirisha ni mawili. Wagurkha, askari kutoka Nepal, wametumikia Uingereza tangu 1815, na ni mwaka 2009 tu ndipo wastaafu wa kabla ya 1997 wenye angalau miaka minne ya utumishi waliporuhusiwa kuhamia nchi waliyoipigania. Desemba 1, 1944, kambi ya Thiaroye karibu na Dakar, Senegal, askari wa Kiafrika waliokuwa mateka wa Wajerumani walidai malimbikizo yao, na jeshi la Ufaransa, jeshi lao wenyewe, likawapiga risasi.

Na kuna hili la Marekani ambalo lingefaa kuwa sura nzima: mwaka 1966 Waziri wa Ulinzi McNamara alianzisha mpango wa kushusha viwango vya mtihani wa kuingia jeshini. Ulitangazwa kama vita dhidi ya umaskini, kwamba vijana walioachwa nyuma watafundishwa ujuzi. Waliochukuliwa hadi 1971 ni zaidi ya 300,000. Idadi kubwa yao iliishia kwenye vikosi vya kupigana, na ujuzi wa kushika bunduki hauna mwajiri mwingine.

Kilichonishika hapo ni kwamba mtu anaweza kuwa aliamini kabisa anawasaidia. Shetani hayumo. Afisa uandikishaji mwenye huruma, anayemsukumia kijana sahani kabla ya kumpa kalamu, ananitisha kuliko mkatili yeyote.

Kikokotoo

Kwa wanaotaka ukali wa kimwili bila adui, narudi na mambo matatu ya haraka.

Kwenye uzito sufuri mwanaanga hupoteza takriban 1% hadi 1.5% ya uzito wa mfupa wa nyonga kila mwezi asipofanya mazoezi na kutunzwa vizuri. Askari wa bei rahisi anayepelekwa safari ndefu kwenye chombo kisicho na vifaa hivyo anafika mifupa imelegea. Mkataba unamhesabu mzima siku ya kuondoka au siku ya kufika?

Mvuto wa Mirihi ni 38% ya wa Dunia. Askari na vazi lake wenye kilo 120 huko watajisikia kama kilo 45 hivi, ataruka, atashangilia. Lakini akikimbia akakata kona, kilo 120 zote ziko palepale na zinataka kwenda mbele. Wiki ya kwanza majeruhi wengi watatokana na kuta.

Na kubwa: mafuta ya kurudi lazima uyabebe wakati wa kwenda, na ili uyabebe unahitaji mafuta mengine ya kuyasukuma hayo. Kila kilo inayorudi nyumbani huongeza kilo nyingi za mafuta huko mwanzo. Mhasibu yeyote ataona haraka kwamba askari wa bei nafuu kuliko wote ni yule ambaye mkataba wake unaishia hukohuko. Watamwita "mlowezi" na kumpa ardhi.

Sajini Mstaafu

Kinamasi na mlima, kama wale wa Roma.

Bunduki Butu

Haya wakuu, nimeshindwa kwa heshima. Nina wazo, naombeni mlichane.

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani kulikuwa na wajanja waliojiandikisha, wakapokea posho ya kujiunga, wakatoroka, wakajiandikisha mji mwingine kwa jina jingine. Na kwa sheria ya 1863 mwenye nacho aliweza kulipa dola 300 asiende, au kumtafuta mtu wa kwenda badala yake. Vyote viwili ninavitaka kwenye hadithi moja, miaka mia mbili ijayo. Mhusika wangu ameshakula posho mara kadhaa. Tatizo langu: kituo cha uandikishaji kinasoma mboni ya jicho. Anapitaje tena?

Kikokotoo

Asipite. Anunuliwe. Familia ya kitajiri ina mtoto aliyeitwa kwa sheria, na wana mtu wao kwenye sajili. Mboni za mhusika wako zinaandikwa kwa jina la mtoto wao. Yeye anadhani anacheza mchezo wake uleule wa siku zote, achukue pesa atoroke. Safari hii hana pa kutorokea kwa sababu mtu mwenye jina lake mwenyewe hayupo tena kwenye daftari.

Dada wa Zamu

Na malipo ya kifo yataenda kwa mama wa tajiri. Mama yake mwenyewe hana mtoto aliyekwenda vitani, kwa hiyo hana cha kudai.

Sajini Mstaafu

Na pale platuni watamwita kwa jina la yule tajiri, miaka yote. Mfanye alizoee. Mfanye siku moja aitwe kwa jina lake asigeuke.

Bunduki Butu

Mmemwua kabla sijamwandika. Sura ya kwanza naishusha hapa Jumapili, naanzia ofisini kwenye sahani ya chakula. Vita ni ukurasa wa arobaini, na yeyote atakayelalamika kwamba nimechelewesha risasi nitamwelekeza kwa Daftari Jeusi.

Msoma Usiku

Nawahi siti ya mbele. Meno usiyasahau.